Mjomba Alipoutengeneza Mtambo Wangu

Niliusikia kabla sijavuka barabara. Nilikuwa nimekumbatia boksi la spika nililotoka kulichukua kwa seremala, bado linanuka gundi, kubwa kiasi cha kunizuia kuiona miguu yangu. Masikio hayakuzuiwa na kitu. Ndani ya karakana ya mjomba mtambo wangu ulikuwa unapiga: ta, ta, ta, ta. Halafu tena ta, ta, ta, ta. Nikasimama ukingoni mwa barabara nikisubiri ukosee. Haukukosea.

Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa amekaa nje, anapiga brashi mashine yake ya kunyolea. Aliponiona akacheka.

"Kimya," akasema, maana hilo ndilo jina nililopewa pale mtaani, "leo mlevi wako kaacha pombe."

Kinyozi huyo alikuwa na kesi ya siku nyingi na mtambo wangu. Alidai kwamba akiwa kazini mkono wake unafuata mdundo bila ruhusa yake, na mdundo ukijikwaa, mkono nao unajikwaa. Mteja mmoja aliondoka na kona ya kichwa ikiwa wazi. Siku hiyo alikuwa ananipongeza. Sikumjibu. Kwa kawaida huwa sijibu kwa sababu ya aibu, maneno yananikwama. Siku hiyo nilinyamaza kwa kuwa nilijua nikifungua mdomo kitatoka kitu kibaya, na yeye hakuwa na kosa.

Mjomba alikuwa amesimama karibu na meza yangu, mikono nyuma, kama mtu aliyeandaa meza ya wageni na anasubiri wa kwanza aonje.

"Umerudi, mama," akasema. "Weka hilo boksi uje usikilize. Mgonjwa wako amepona."

Karakana yetu ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati. Mbele kuna meza ya mjomba, na juu yake taa yenye shingo ndefu, mita ya kupimia umeme, pasi ya risasi, ile ya kuchomelea nyaya, na makopo ya skrubu. Nyuma kuna meza yangu ndogo, iliyokuwa mlango wa kabati kabla ya kuwa meza. Kwenye rafu, juu ya kichwa cha mjomba, kuna redio yake mwenyewe, ambayo huwashwa tukifungua na kuzimwa tukifunga. Redio hiyo inavuma. Nyuma ya kila habari na kila wimbo kuna sauti nzito kama ya mtu anayekoroma chumba cha pili. Wateja wakiuliza, mjomba husema ndivyo ilivyo. Mkewe akija kumletea chakula husema mume wake anatibu mtaa mzima, na mgonjwa wa nyumbani kamlaza juu ya rafu anakoroma.

Mjomba ni fundi mzuri, na ni mwaminifu. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani namsingizia. Kifaa kibovu akikitoa ndani ya redio ya mteja, hakitupi kikiwa kizima. Anakiweka juu ya kipande cha reli, anakivunja kwa nyundo, kisije kikaokotwa na fundi tapeli kikaingizwa kwenye redio ya mtu mwingine. Na kazi yake ikiisha, anachukua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, anatia tone juu ya kila skrubu. Huo ndio muhuri wetu. Maana yake ni kwamba kazi imekwisha, na aliyeifanya anaijibia. Muhuri wa mtu haubanduliwi na mwingine. Hata mimi nilipoanza kutengeneza vitu vidogo peke yangu, mjomba alikuwa hafungui kilichokuwa na tone langu mpaka aniombe.

Sasa nikatazama mtambo wangu. Kifuniko kilikuwa na matone mekundu kwenye kona zote. Vile vifundo vitatu vya kuzungusha, vile ambavyo mkono wangu ulikuwa ukivizungusha kila siku, vilikuwa na tone kila kimoja, vimegandishwa mahali pamoja.

Mtambo huo niliujenga mwenyewe, baada ya kazi za wateja, kwa mabaki. Watu walipouliza ni kitu gani nilishindwa kuwaeleza, kwa hiyo nitaeleza hapa. Ndani kuna vipigo vitatu. Kila kipigo ni kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba. Umeme unaingia polepole, ndoo inajaa, ikijaa inapinduka yote mara moja, na pale inapopinduka ndipo spika inaposema ta. Kifundo kinaongeza au kupunguza mwendo wa kujaa. Kila ndoo ingekuwa na bomba lake, zote zingepiga kama saa ya ukutani. Lakini ndoo zangu zilichangia bomba moja, tena bomba dhaifu. Moja ikivuta kwa pupa, nyingine zinabaki na kiu. Iliyobaki na kiu inachelewa, ikichelewa inamkuta mwenzake njiani, wanasukumana, na wa tatu anapata nafasi ambayo hakuitegemea.

Bomba lile lilikuwa dhaifu kwa sababu ya kapasita moja. Ni kitu chenye umbo la kopo dogo, kazi yake ni kuweka umeme akiba ili usipungue kifaa kinapovuta. Ya kwangu ilikuwa imekauka. Ilikuwa bado ina uhai kidogo, wa kushika akiba ndogo na kuiachia vibaya. Niliitoa kwenye redio ya zamani iliyoachwa na mwenyewe, kabla mjomba hajaifikia na nyundo. Nilijaribu nyingine nyingi. Nzima zilikuwa zinatuliza kila kitu, na zilizokufa kabisa zilifanya mtambo ungurume tu. Kapasita mpya inauzwa kila duka la vifaa vya umeme. Iliyokufa nusu haiuzwi popote.

Haikuwa fujo, na hilo ndilo lililokuwa likinichoma watu waliposema ni fujo. Mdundo ulikuja ukakaribia kuwa kitu unachokijua, ukakufanya uinue mguu, halafu ukageuka njia nyingine. Hukuweza kuuhesabu, lakini uliweza kuusubiri. Mke wa mjomba aliuita Kigugumizi. Alisema una afadhali kuliko mimi, maana wenyewe angalau unajaribu kusema.

Mtu pekee aliyeusikiliza bila kucheka alikuwa mwalimu wa dansi. Ni mwanamke wa makamo, mrefu, anatembea kama anayepima sakafu. Alikuja kuchukua kipaza sauti chake, akausikia kutoka nyuma, akapita meza ya mjomba bila kuomba njia. Akasimama mbele yangu mpaka chai ya mjomba ikapoa. Akanieleza kwamba ziko sehemu ambako watu hujenga mitambo kama huo, wanaiita sinthesaiza, mingine inajaza ukuta mzima, na wako wanaohangaika miaka kutafuta hicho hicho nilichokuwa nacho, mdundo usiojua unakokwenda. Alisema wachezaji wake wamekuwa wavivu. Wanajua pigo litaanguka wapi, kwa hiyo hawasikilizi tena, wanahesabu tu, na miguu inakwenda peke yake kama ya watu walio kwenye foleni. Alitaka kitu kisichohesabika.

Halafu akaniuliza mimi. Hakumuuliza mjomba. Aliniambia nyuma ya ukumbi wake kuna chumba chenye dirisha na meza, kimejaa viti vilivyovunjika, atavitoa. Atarudi Jumamosi mchana kuusikia mtambo mara ya pili, akili ikiwa imetulia. Ukimpendeza kama siku ile, anauchukua pamoja na mimi, niuendeshe mazoezini kila siku na nijenge mingine. Usipompendeza, Jumatatu anaanza mazoezi na midundo ya kawaida, wala hatakuwa na sababu ya kurudi.

Niliacha shule darasa la tano nikaja kufuta vumbi kwenye redio za watu. Toka siku hiyo nimeulizwa nimemaliza nini, nimevunja nini, nimeweka wapi bisibisi. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninataka kujenga nini. Usiku nililala nikikiona kile chumba, dirisha lake likiwa upande ambao ningelipenda.

Na siku niliyorudi na boksi ndiyo ilikuwa hiyo Jumamosi.

"Ulikuwa na shida kwenye umeme," mjomba alikuwa anaeleza, akigonga kifuniko kwa kidole. "Kapasita ilikuwa imevimba makalio kama kopo la samaki lililooza. Ungeniambia mapema. Nimekuwekea mpya, ile nzuri niliyokuwa nimeitunza. Halafu vifundo vimejaa uchafu, nimevisafisha kwa spiriti. Halafu nimekaa na mita, nimevipanga vyote vitatu mpaka vikakubaliana. Sasa hata ukiuacha mwezi mzima hautakosea."

Nikauliza ile kapasita ya zamani iko wapi. Sauti yangu ilitoka ndogo sana, kama inatoka kwa mtu mwingine aliyefungiwa mahali.

Akaelekeza kidevu kwenye kipande cha reli. Nyundo ilikuwa imelala pembeni. Juu ya reli kulikuwa na bati lililopondwa na karatasi ya kahawia iliyopasuka, imekauka kama jani. Nikaligusa lile bati. Sijui nilitarajia nini.

Akaniambia nisihangaike kushukuru. Kwa kuwa mtambo haukuwa na muhuri, alijua kazi haijaisha, na kwa kuwa mgeni anakuja, hakutaka mpwa wake aaibike mbele ya mtu wa mjini mwenye kipaza sauti cha gharama. Alisema haya huku akinitazama kwa upendo. Huo upendo ndio ulionitia wazimu. Mtu akikuibia, unajua pa kupeleka hasira yako. Mjomba alikuwa ameamka mapema, ameacha kazi za wateja, ametoa kifaa chake kizuri, ameinama juu ya meza yangu asubuhi nzima na miwani yake iliyofungwa kwa waya, na katika muda wote huo haikumpitia kichwani hata kidogo kuniuliza. Haikuwa dharau iliyomfanya atie muhuri. Alitia kwa sababu hakuwahi kufikiri kwamba kilichotoka mkononi mwangu kinaweza kuwa kimekusudiwa.

Nilikuwa sijautia muhuri kwa kuwa sikuutaka uwe na mwisho. Ningemwambiaje hilo? Nikageuka nikaanza kufunga spika kwenye boksi lake jipya. Bisibisi iliteleza mara nyingi. Mtambo ulikuwa nyuma yangu unaendelea, ta, ta, ta, ta, na kila pigo lilinipata pale pale, katikati ya mgongo. Nikapekua droo zote kutafuta kapasita nyingine iliyochoka. Hazikuwepo. Kwenye karakana ya fundi mwaminifu kila kitu ni kizima, na kisicho kizima kimepondwa.

Mwalimu wa dansi alikuja wakati jua limehama kutoka mlangoni. Mjomba akamfutia kiti kwa shati lake la kazi. Akamkaribisha, akamuuliza hali ya kipaza sauti, kisha akauzungumzia mtambo kana kwamba ni binti anayeozeshwa: umetulia, hauna matatizo, hautamsumbua mtu. Akauwasha mwenyewe.

Mwalimu alifumba macho. Nikamtazama kidole chake cha shahada, kilikuwa kimelala juu ya mkoba. Kidole kikaanza kugonga: moja, mbili, tatu, nne. Moja, mbili, tatu, nne. Akafumbua macho kabla ya mara ya tatu.

"Ni safi," akasema.

"Safi kabisa," mjomba akasema.

"Fundi, mdundo huu ninao kwenye simu yangu." Alisema taratibu, bila kejeli. Akanigeukia. "Ule mwingine uko wapi?"

Nikafungua mdomo. Mjomba akanijibia, kama anavyonijibia siku zote kwa wateja, kwa nia njema, kwamba ni ule ule, ulikuwa mbovu, ameutengeneza. Mwalimu akamtazama, akanitazama mimi, akashusha pumzi. Sikuona hasira kwake, niliona uchovu wa mtu aliyepoteza mchana. Akasimama. Akasema basi, Jumatatu ataanza na midundo ya kawaida, na anashukuru kwa muda wetu. Akatundika mkoba begani.

Mjomba akaanza kumsindikiza. Katika ule ukimya mfupi, mtambo ukiwa umezimwa, nikaisikia redio. Mtangazaji alikuwa anasoma hali ya hewa, na nyuma yake, kama kila siku ya maisha yangu pale ndani, kulikuwa na yule mtu anayekoroma.

"Mwalimu, kaa," nikasema.

Wote wawili wakageuka. Nadhani mjomba alitazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu mwingine.

Nikavuta stuli, nikapanda, nikaizima redio, nikachomoa waya wake, nikaishusha. Ilikuwa nzito na ina vumbi la mafuta. Nikaiweka juu ya meza ya mjomba, si yangu, chini ya ile taa yake, nikashika bisibisi.

"Unafanya nini?" mjomba akauliza.

"Naitengeneza."

"Hiyo haijaharibika."

"Inavuma, mjomba."

"Inavuma, ndiyo. Ndivyo ilivyo."

"Kapasita imekauka. Wewe ndiye uliyenifundisha. Redio ikivuma hivi imekauka, itolewe, iwekwe mpya, ya zamani ipondwe." Skrubu ya kwanza ikatoka. Haikuwa na muhuri. Skrubu zote za redio ile hazikuwa na muhuri, na nilikuwa sijawahi kujiuliza kwa nini. "Nitakuwekea ile nzuri. Sasa hivi. Hutasikia tena mvumo."

"Acha hiyo redio."

"Kwa nini?"

"Nimekwambia acha." Akaweka kiganja juu ya kifuniko. Hakunisukuma. "Nimekaa nayo tangu nikiwa kijana. Nimeizoea. Ukiuondoa huo mvumo itakuwa redio ya nani?"

Kinyozi alikuwa amesogea mlangoni, brashi mkononi. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti.

"Na wangu?" nikasema. "Wangu sasa ni wa nani?"

Sikumsubiri ajibu. Nilimwambia yote, na sikuyapanga. Nilimwambia mtambo ule haukuwa mgonjwa. Nilimwambia kwamba ile kapasita niliitafuta kuliko yeye alivyowahi kutafuta kifaa kipya, kwamba niliijaribu asubuhi na jioni mpaka nikajua inavyopumua, na yeye ameiponda kama mende. Nilimwambia vile vifundo alivyovigandisha vilikuwa mahali nilipovitaka, na uchafu ule ulikuwa wa vidole vyangu. Nilimwambia mimi sijawahi kubandua muhuri wake, lakini yeye kwangu hakuona hata haja ya kubisha hodi. Nilimwambia amenisaidia mpaka amenimaliza. Hilo la mwisho nililisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Kinyozi akarudi nyuma hatua, akabaki anachungulia.

Mjomba alikuwa bado ameweka mkono juu ya redio. Alitazama mtambo wangu, yale matone mekundu aliyoyatia moja moja kwa brashi ndogo, bila kuvuka ukingo wa skrubu hata moja. Kisha akatazama ile nyundo.

"Kwa hiyo nilichofanya ni kuharibu," akasema.

Nilijua anachoomba. Alitaka niseme hapana, mjomba, ulikuwa hujui. Mama yangu angesema hivyo. Mkewe angesema hivyo, halafu angemkumbusha nyumbani kila siku.

"Ndiyo," nikasema. "Umeharibu."

Akaondoa mkono. Nikashika pasi ya risasi, lakini mkono ulikuwa unacheza, ncha ikagusa waya usiohusika, moshi ukapanda. Akanishika kifundo cha mkono. Nikadhani anataka kunizuia, nikavuta kwa nguvu. Hakuachia.

"Utachoma ubao," akasema. "Lete."

Akaichukua pasi. Akavaa miwani yake ya waya. Akagusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi ili kumaliza umeme uliobaki ndani, ikatoka cheche ndogo, ya uchovu. Akayeyusha risasi kwenye mguu wa kwanza, akayeyusha wa pili, akaitikisa kidogo kama mtu anayeng'oa jino la mtoto, ikatoka. Ilikuwa kubwa kuliko ile yangu, ya rangi ya fedha, imechafuka gundi chini. Akaitazama chini ya taa. Sikuwahi kumwona akitoa kapasita mbovu bila kuisogeza kwenye reli.

"Shika. Ina moto."

Sikusema asante. Nikaenda kwenye meza yangu nikabandua muhuri wake. Nilitumia ukucha. Rangi ilitoka vipande vipande, ikabaki chini ya kucha zangu kama damu kavu, na kila tone lilipobanduka nilimsikia akiguna, kidogo, bila kutaka, kama mtu anayetazama sindano ikimwingia. Sikuharakisha. Nilitaka aone yote. Nikatoa ile kapasita yake nzuri nikaiweka mezani kwake. Nikaichomelea ile ya redio.

Nikawasha.

Kwanza ulinguruma. Nikadhani imekufa zaidi ya nusu. Nikashika kifundo cha kwanza nikakizungusha taratibu, ndoo ya kwanza ikapinduka, ya pili ikaifuata karibu mno, ikarudi nyuma. Ya tatu ikakaa kimya mpaka nikaanza kuomba, halafu ikaanguka mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameandaa sikio. Haukuwa mdundo wangu wa zamani. Ule wa zamani ulikuwa unajikwaa upesi na kuinuka upesi, kama mtoto. Huu ulikuwa unavuta mguu. Ulichelewa, ukachelewa, kisha ukalipa yote kwa mkupuo na kusimama tena kama mtu anayefikiri. Nilisimama pale nikitaka kulia kwa ajili ya ule niliokuwa nao, na wakati huo huo sikuweza kuacha kuusikiliza huu.

Mwalimu wa dansi aliweka mkoba chini. Akavua viatu. Akasimama kwenye ile nafasi ndogo kati ya meza mbili, akainua mguu, akaushusha, akawa amewahi. Akainua tena, akawa amechelewa. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Kisha midomo ikasimama. Alibaki na mguu hewani, shingo imeinama upande wa spika, anasubiri, na pigo lilipokuja, mguu ulikuwa pale.

Kinyozi akasema huko mlangoni kwamba mlevi karudi, tena safari hii kanywa za wazee.

"Jumatatu asubuhi," mwalimu akaniambia, akivaa viatu. Alikuwa amechoka ghafla, jasho kwenye paji la uso. "Chumba kitakuwa wazi. Na huo mtambo usiguswe na mtu." Hakumtazama mjomba aliposema hivyo. Mjomba alikuwa anatazama mikono yake.

Alipoondoka, karakana ikawa ndogo. Nikauzima mtambo. Mjomba hana uwezo wa kuona kitu kimefunguliwa akakiacha wazi, kwa hiyo akakaa, akaichukua ile kapasita nzuri, akaichomelea kwenye redio yake, akafunga kifuniko, akaiwasha.

Mtangazaji alitoka akiwa peke yake. Sauti ilikuwa safi kama ya mtu aliyekaa mbele yetu mezani. Nyuma yake hakukuwa na kitu. Mjomba akaongeza sauti, akapunguza, akasogeza sikio. Akafungulia muziki, akaurudisha kwa mtangazaji.

"Kama vile kuna mtu mwingine amehamia mle ndani," akasema.

Kwa mazoea akafungua kichupa cha rangi ya kucha. Brashi ikafika juu ya skrubu ya kwanza, ikakaa hapo, tone likajikusanya kwenye ncha. Nilikuwa natazama lile tone. Lingeanguka, ningejua kwamba hakunisikia hata neno moja. Akairudisha brashi ndani ya kichupa, akakaza kifuniko. Kisha akaizima redio, mchana, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Akauliza kama nataka anisaidie kuufunga mtambo kwa kitambaa, usije ukapata vumbi njiani. Aliuliza. Nikasikia kabisa kwamba ameuliza.

"Nitaufunga mwenyewe, mjomba," nikasema.

Akaitika kwa kichwa. Akavuta redio ya mteja karibu na taa, akaanza kazi. Mimi nikaufunga mtambo wangu, bila muhuri, skrubu zikiwa zimelegea kama nilivyozipenda. Tulifanya kazi hivyo mpaka jioni, chumba kikiwa kimya kabisa kwa mara ya kwanza, na nilipokuwa nasafisha kucha zangu kwa spiriti, ile rangi nyekundu ilikataa kutoka yote.